Siku Nyumba Haikufagiwa

Watu wengine wakiamka asubuhi hufungua madirisha. Katika mtaa wa akina Chiriku, watu waliamka na kuyafunga.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza ya Chiriku kila siku. Kabla hajanawa uso, alivuta dirisha la sebuleni, akalibana vizuri, kisha akasokomeza kitambaa kibichi chini ya mlango. Hakuogopa baridi wala wezi. Aliogopa vumbi. Mama yake alikuwa mbandika soli za viatu, na gundi ya soli haina adabu hata kidogo. Punje ya mchanga ikitua juu yake, haitoki tena. Kiatu chenye punje hukataliwa, na kiatu kilichokataliwa hakilipwi, hata kama mgongo umekaribia kukatika kwa kukiinamia.

Karibu kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa na mbandika soli. Vipande vya ngozi, soli na makopo ya gundi vililetwa kwa gari dogo na msimamizi ambaye watu walimwita Bwana Haraka, kwa kuwa hilo ndilo neno alilolipenda kuliko yote. "Haraka, mama, haraka, gari linaondoka!" Viatu vikikamilika vilirudi karakana kubwa, vikatiwa kamba, vikapangwa kwenye maboksi yenye karatasi laini na kusafirishwa nchi za mbali. Wanunuzi wa huko waliambiwa vimetoka kiwandani. Nani angewaambia kwamba vililala chini ya kitanda cha Chiriku?

Chiriku si jina alilopewa alipozaliwa. Alipewa na babu yake, mzaa mama, kwa sababu alianza kuongea mapema na hajapumzika mpaka leo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Baba yake alifanya kazi mji mwingine na alirudi mara mojamoja, kwa hiyo nyumbani walikuwa watatu: yeye, Mama na Babu. Kila alipotoka shule, Chiriku alichukua kitambaa na kupangusa gundi iliyozidi kwenye kingo za soli, kiatu baada ya kiatu, mpaka kichwa kikaanza kumzunguka.

Babu alishinda nje mlangoni, juu ya kigoda chake, maana harufu ya gundi ilimkohoza. Zamani alikuwa mbeba mizigo wa karakana ileile. Tangu mkewe afariki, maneno yake yalikuwa makali kama siki. Bibi naye alibandika soli maisha yake yote, na mwishoni miguu yake ilimgomea, akawa anajiburuta kwa mikono mpaka mlangoni apate jua. Watu wa karakana walisema ni uzee.

"Uzee gani?" Babu alikuwa akifoka. "Mimi nilimzidi umri, mbona natembea? Viatu vinatoka hapa vinakwenda kuzunguka dunia nzima, na aliyevitengeneza hawezi kufika chooni. Halafu wakubwa wanausingizia uzee, kwa kuwa uzee hauna mdomo wa kujitetea!"

"Baba, punguza sauti," Mama alimwambia. "Bwana Haraka anapita."

"Apite! Masikio anayo."

Siku moja jioni Chiriku alimwona Mama akivuka ua na bakuli mkononi. Alivaa ndala moja. Nyingine ilikuwa imebaki mlangoni, imekaa peke yake kama mtu aliyesahauliwa kituoni.

Chiriku aliangua kicheko. "Mama! Umeacha ndala!"

Mama alitazama chini. Alishtuka kidogo, akacheka naye. "Mambo mengi kichwani, mwanangu."

Lakini kesho yake ndala ilibaki tena, mara hii chini ya meza. Siku iliyofuata ilibaki njiani, karibu na bomba la maji, na Mama alifika nyumbani mguu mtupu, kidole kinatoka damu, wala hakuwa na habari. Chiriku hakucheka. Babu aliitazama ile damu, akanyanyuka kigodani bila kutukana mtu yeyote. Hapo Chiriku akajua mambo yameharibika.

"Kesho mpeleke mama yako zahanati," alisema. "Mkokote kama hataki."

Muuguzi wa zahanati alikuwa dada mwembamba mwenye mikono ya joto. Alimkalisha Mama kitandani, akamwambia afumbe macho.

"Nikikugusa, sema 'hapo'."

Alichukua kijiti chenye ncha, akamgusa kidole gumba cha mguu. Mama akanyamaza. Akamgusa unyayo. Kimya. Akamgusa kifundo cha mguu. Mama alisubiri tu, macho yamefumbwa, kama mtoto anayecheza kibe, akingoja wenzake wajifiche. Kijiti kilipofika karibu na goti ndipo aliposema, "Hapo." Kisha akauliza, "Ndiyo mara ya kwanza, siyo?"

Chiriku aliushika mguu wa mama yake.

"Unafanya kazi gani, mama?" muuguzi aliuliza taratibu.

"Nabandika soli nyumbani."

"Na madirisha?"

"Tunafunga. Vumbi, dada."

Muuguzi alivuta kiti, akaketi karibu nao. Aliwaeleza kwamba gundi ile hutoa mvuke usioonekana. Mvuke huo huingia na pumzi na kuharibu mishipa ya fahamu, ukianzia miguuni na mikononi. "Ukiacha kuuvuta sasa, miguu inaweza kurudi polepole. Ukiendelea..." Hakumaliza, na hakukuwa na haja. Wote wawili walikumbuka Bibi akijiburuta kuelekea jua.

"Nikiacha tutakula nini?" Mama aliuliza.

"Ndiyo taabu yenyewe. Ipo gundi ya maji, isiyo na sumu hii. Vipo vibanda vya wazi vyenye hewa. Ila vinagharimu, na wa kugharamia si wewe, mama. Ni wale wanaouza viatu unavyovibandika."

Waliporudi, Mama alifungua dirisha, akajaribu kufanya kazi hivyohivyo. Bwana Haraka alipokuja kukusanya, alikataa nusu ya viatu kwa sababu ya vumbi. Kesho yake dirisha likafungwa.

Shuleni, Chiriku alimwuliza mwalimu swali lililomkaa kooni. "Mwalimu, kiatu kikimdhuru anayekitengeneza, kosa ni la nani?"

Mwalimu alichora ubaoni mstari mrefu, kutoka ng'ombe mpaka ngozi, ngozi mpaka karakana, karakana mpaka dukani. "Zamani mwenye duka alisema, 'Mimi sijui, nimenunua tu.' Siku hizi ziko nchi zenye sheria zinazomkatalia jibu hilo. Kampuni inatakiwa kuufuata mstari wote huu, itazame kama kuna mtu anayeumizwa au maji yanayochafuliwa. Ikikuta madhara, irekebishe. Ndiyo maana hutuma wakaguzi."

"Wakikagua wasione?"

"Basi ripoti itasema kila kitu ni kizuri," mwalimu alijibu, akafuta chaki mikononi.

Haikupita wiki, Bwana Haraka akaingia mtaani bila mzigo. Alikuwa anatabasamu, jambo lililowatia watu wasiwasi.

"Mama zangu, kesho tuna wageni kutoka kampuni yenye chapa ya viatu hivi. Nataka mtaa ung'ae! Madirisha wazi tangu alfajiri. Makopo yasionekane. Watoto wakacheze mbali. Mkiulizwa, hapa ni makazi tu, kazi iko karakana. Tumeelewana? Anayetaka vipande mwezi ujao amenielewa."

Basi mtaa mzima ukashika mafagio. Wanawake walipiga deki, wakafua mapazia, wakang'oa magugu. Wala haikuwa kwa kumwogopa Bwana Haraka peke yake. Katika mtaa ule, mgeni alikuwa mgeni, na mwanamke aliyepokea wageni kwenye takataka alisemwa mpaka wajukuu zake wakasikia.

Chiriku alifagia vipande vya ngozi kutoka chini ya meza. Ghafla ufagio ukasimama.

"Mama, wale wageni waliokuja Bibi akiwa hai, tuliwapokea hivihivi?"

"Hivihivi. Tulisugua sakafu ikawa kama kioo. Babu yako akapaka chokaa ukutani."

"Na Bibi alikuwa wapi?"

Mama alisita. "Tulimbeba tukampeleka chumba cha nyuma kwa Mama Pacha, hapo jirani. Mgonjwa hawekwi mbele ya wageni."

"Kwa hiyo hawakumwona."

"Hawakumwona."

"Na harufu hawakuisikia."

"Madirisha yalikuwa wazi, mwanangu, wangeisikiaje?"

"Sasa waliona nini?"

Sauti ya Babu ikaingia kutoka nje. "Waliona ufagio wetu! Wakausifu, wakaondoka, na wakubwa wao wakalala usingizi mnono."

"Tusifagie safari hii," Chiriku alisema.

"Wee! Mgeni akute takataka? Watu watasema sikulelewa!"

"Mama, hawa hawaji kula kwetu. Wanakuja kutazama."

Kwa mbali zilisikika ndoo za majirani. Mama alitazama miguu yake kwa muda mrefu, kama mtu anayeitazama miguu ya mwingine. Alijua kinachoweza kutokea. Akisema kweli anaweza kukosa kazi, na akinyamaza atakosa miguu. Mwishowe alimnyang'anya Chiriku ufagio, akausimamisha nyuma ya mlango.

"Kesho dirisha lifungwe kama siku zote."

"Na makopo?"

"Yabaki hapohapo."

"Na mimi?"

"Ukitoka shule fanya unachofanya kila siku. Ukiulizwa, sema kweli, usiongeze wala usipunguze. Nakujua wewe, usije ukaanzia siku uliyozaliwa."

Kesho yake mchana wageni walifika. Walikuwepo mkaguzi, mama mmoja mnene mwenye miwani, na kijana aliyemsaidia kupiga picha. Bwana Haraka aliwatangulia kwa shati jipya, maneno yanamtoka kama mafuta. Nyumba baada ya nyumba ziling'aa. Alipofika mlangoni kwa akina Chiriku na kuona dirisha limefungwa, aliongeza mwendo.

"Hapa anakaa mzee tu. Twende mbele."

"Mzee yupo," Babu alisema bila kunyanyuka, "na kazi ipo. Karibuni ndani. Mtusamehe sana, hatukufagia."

Bwana Haraka alicheka cheko la bandia. "Msimjali. Amechanganyikiwa kidogo. Uzee."

"Uzee tena!" Babu alipiga kigoda kofi. "Nyie kila kitu uzee!"

Mkaguzi alikuwa ameshafungua mlango. Harufu ilimpokea kwa kishindo. Alikohoa, machozi yakamlengalenga, akakimbilia dirishani.

"Dada, usifungue!" Mama alipaza sauti kabla hajafikiri. "Vumbi litaingia kwenye gundi!"

Mkono wa mkaguzi uliganda kwenye kitasa. Aligeuka taratibu, akaona makopo wazi mezani, viatu vimejaa chini ya kitanda, vipande vya ngozi sakafuni, na msichana mwenye sare ya shule ameshika kitambaa cheusi.

"Mnafunga kila siku?"

"Kila siku," Mama alijibu.

Mkaguzi hakutafuta kiti. Aliketi sakafuni palepale, katikati ya takataka, akaokota kiatu na kukigeuza. Ndani kulikuwa na chapa ya kampuni iliyomtuma. "Na wewe, mwanangu, unafanya nini hapa?"

Bwana Haraka alimkodolea Chiriku macho. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Chiriku alikosa neno. Kisha akamtazama mama yake, na maneno yakarudi.

"Napangusa gundi iliyozidi. Kila siku nikitoka shule. Kichwa huniuma. Bibi yangu alifanya kazi hii mpaka akashindwa kutembea, na ile mara mliyokuja tulimficha." Alivuta pumzi. "Ni hayo tu. Nimeambiwa nisiongeze."

"Haya ni mambo ya kupangwa!" Bwana Haraka alidakia. "Mama Chiriku, mwambie mgeni..."

Mama alisimama ampe mkaguzi mkeka, maana aliona haya kumwacha mgeni juu ya takataka. Alipiga hatua mbili. Ndala yake moja ilibaki nyuma. Hakugeuka wala hakusita.

Mkaguzi aliiokota ile ndala, akaiweka mbele ya mguu wake. "Mama, umeiacha."

"Ah, ahsante, dada. Siku hizi naiacha bila kujua."

Kijana wa picha alishusha kamera yake.

Mama Pacha, aliyekuwa anachungulia mlangoni, alitoweka. Punde alirudi amekumbatia kopo la gundi. "Na langu hili hapa. Nililificha kwenye banda la kuku, na kuku wote wamelewa!" Watu walicheka bila kutaka. Mwingine akaleta kopo kutoka chini ya kitanda cha mtoto, mwingine kutoka kwenye sufuria kubwa. Mtaa uliong'aa ukajaa makopo. Bwana Haraka alitafuta la kusema, na siku hiyo hakulipata haraka.

"Sitawaahidi nisichokiweza," mkaguzi alisema akiondoka. "Nitaandika nilichokiona, na mwenye chapa hatasema hakujua."

Ahadi hiyo haikujaza sufuria. Gari la vipande halikuja tena, wiki zikapita. Kwenye bomba la maji mwanamke mmoja alimwambia Chiriku, "Umeimba, chiriku, na sisi jiko limezima." Chiriku alirudi analia. Jioni hiyo Mama Pacha alileta bakuli la maharage, yeye ambaye naye hakuwa na mengi.

"Kuleni. Hayakulala na kopo, msiogope. Na wewe acha kulia. Juzi nimewapa pacha wangu uji na mikono haikufa ganzi. Unadhani hilo ni dogo?"

Mama alilipokea lile bakuli kwa mikono miwili.

Muuguzi naye hakukaa bure. Aliwapima wanawake wa mtaa mzima, akampelekea mkaguzi majibu yao kwa ridhaa yao. Kumbe wakubwa wa kampuni walikuwa wanataka kuiacha karakana na kutafuta nyingine, yaani wahame na uchafu wabaki nao wenyeji. Lakini sheria ya nchi yao iliwashika shati. Waliambiwa hawawezi kudhuru watu kisha wakatoweka, lazima kwanza warekebishe. Ndipo mkaguzi aliporudi na wakubwa wawili wenye suti, wakaitisha mkutano.

"Mnataka nini?" mmoja aliuliza.

Wanawake walitazamana. Mama alisimama, mkono umeshika bega la Chiriku. "Tunataka kazi, na tunataka miguu yetu. Msituambie tuchague."

Haikuwa siku moja wala mbili, lakini kibanda cha kubandikia soli kikajengwa, paa refu bila kuta, upepo unapita unavyotaka. Sakafu yake ya saruji ilinyunyiziwa maji ili vumbi litulie. Gundi mpya ya maji ikaja, haina harufu ya kutisha. Matibabu yalilipwa na kampuni, na malipo ya kazi yakapanda ili watoto wasihitajike kupangusa chochote. Bwana Haraka aliondolewa, ingawa Babu alisema waliostahili kuondolewa walikuwa wengi zaidi na walikaa kwenye viti virefu zaidi.

Asubuhi moja ya baridi, Chiriku alisikia Mama akipiga ukelele chumbani.

"Uwii!"

Alikurupuka. Babu aliingia na kigoda mkononi. "Nini? Nyoka?"

Mama alikuwa amesimama kando ya kitanda, miguu mitupu, anacheka huku machozi yanamtiririka. "Baba, sakafu ni baridi!"

"Ndiyo, ni baridi, sasa..." Babu alinyamaza. Kigoda kilimponyoka. "Umeisikia?"

"Nimeisikia! Kidole gumba nacho!"

Chiriku alimrukia, wakakumbatiana palepale kwenye baridi. Babu aliketi kitandani, akajifuta macho kwa mkono wa shati. Alipoongea, siki ilikuwa imepungua.

"Mjukuu wangu, wale wenye suti usiwape shukrani zangu, wao wamelipa walichotakiwa kulipa. Mshukuru muuguzi aliyeuliza kuhusu dirisha. Mshukuru yule mama aliyekubali kukaa kwenye takataka, na Mama Pacha aliyetoa kopo lake akijua jiko litazima. Halafu mshukuru mama yako, kwa sababu kuonekana mchafu mbele ya wageni ni kazi ngumu kuliko kufagia. Sisi tulizoea kuficha yanayotuumiza tukadhani ni heshima. Wakubwa walipenda hivyo, maana kisichoonekana hakiwagharimu kitu. Wewe ukikua, popote utakapofanya kazi, akija mtu kukagua, mwonyeshe mambo yalivyo. Na ukiwa wewe ndiye mkaguzi, au ndiye mwenye duka, ingia mpaka ndani ukaulize kiatu kimelala wapi." Alikohoa kidogo. "Angekuwepo bibi yako leo, angecheza."

Chiriku aliokota kigoda, akakirudisha mlangoni.

"Haya," Mama alisema, akivaa ndala zake, zote mbili, "shule inakungoja. Fungua dirisha."

Chiriku alilisukuma mpaka mwisho. Upepo ukaingia na vumbi lake, likatua mezani, na hakuna aliyejali.